Ukoko wa Maji ya Kisima na Tangi la Kioo



Mwezi huu sitasema nanyi juu ya mbegu wala juu ya bei ya ndengu. Nataka kusema juu ya ukoko mweupe unaoganda katika kioo, ule unaoachwa na maji ya kisima. Najua wengi watacheka. Watasema karani amekosa kazi, sasa anatufundisha kuosha vyombo. Lakini kwa ajili ya ukoko huo mtoto mmoja wa miaka tisa nusura apoteze jicho, na asidi iliyomwingia jichoni ilitoka mkononi mwangu mimi ninayeandika. Basi nisomeni kwanza, kisha mcheke.

Habari yenyewe ni hii. Katika skimu moja ya Makueni, ambayo siitaji jina kwa kuwa watu wake hawakuniomba niwatangaze, kuna kikundi cha akina mama wanaofuga ngege. Mabwawa yao yalichimbwa katika miaka ya ule mpango wa serikali ulioanza mwaka 2009, ambao ulikusudia mabwawa 200 katika kila moja ya majimbo 140 ya uchaguzi. Mabwawa mengi ya siku zile yamekauka, na mengine ni mashimo ya kutupia takataka. Ninyi wenyewe mnayajua. Ya akina mama hawa yangali na samaki. Nao hawauzi samaki wakubwa peke yake, bali huuza pia vifaranga kwa watu wanaotaka kuanza kufuga.

Sasa mnunuzi wa vifaranga ni mtu mwenye shaka. Akionyeshwa ndoo nyeusi yenye maji machafu ataondoka. Anataka kuona samaki wakiogelea, ahesabu, atazame mapezi kama yameliwa, atazame kama wana madoa. Kwa hiyo kikundi kilichanga fedha kikanunua tangi kuukuu la kioo kwa mtu wa mjini aliyekuwa akifuga samaki wa mapambo. Ni tangi la lita 150 hivi. Siku ya soko huwekwa mezani chini ya mti, vifaranga wakatiwa ndani, na watoto na watu wazima wakaja kutazama. Biashara ilikwenda vizuri kwa msimu mmoja.

Halafu kioo kikaanza kupofuka. Kwanza ulikuwa mstari mweupe mahali maji yanapoishia, kama mstari wa chaki ubaoni. Kisha mstari ukawa mkanda, na mkanda ukashuka, hata ikawa ukimtazama samaki unaona kivuli tu. Wanunuzi wakasema samaki hawa wana ugonjwa, ndiyo sababu wamefichwa. Mwenyekiti wao, mama wa makamo ambaye ameniona tangu nilipokuwa mwalimu wa shule, akaja ofisini.

"Mwalimu," akaniambia (wao huniita hivyo mpaka leo, ingawa niliacha chaki zamani), "tangi letu limefanya mtoto wa jicho. Tumesugua kwa sabuni, kwa jivu, na kwa mchanga wa mtoni. Ofisi ina dawa gani?"

Ilikuwa mwisho wa mwezi, nami nilikuwa na orodha za wakulima wa mbolea ambazo zilitakiwa jioni ile. Nikakumbuka maneno ya fundi mmoja wa pikipiki kwamba asidi ya betri hula kila kitu. Stoo ilikuwa na chupa iliyobakia nusu. Nikampa. Sikumwuliza ataitumiaje, wala sikumwambia afunge macho wala avae nini mikononi. Nilifurahi kwamba mtu ametoka na jibu nami nimerudi kwenye orodha zangu.

Siku ya pili yake wakaimimina asidi juu ya kioo na kusugua kwa brashi ya nguo. Mjukuu wa mama mmoja alisogea kutazama mapovu. Brashi iliporuka, tone likamwingia jichoni. Namshukuru Mungu kwamba mama yule alikuwa na akili kuliko karani: alimlaza mtoto, akamwagia jicho maji safi mtungi mzima, na maji yakaendelea kumwagwa njia nzima hata zahanati. Jicho limepona, na mtoto anaona, ila bado hutoa machozi akisoma juani. Na ukoko? Ukoko ulikuwa pale pale.

Mwenyekiti alirudi na chupa. Hakunipigia kelele. Aliiweka mezani akasema, "Mwalimu, ulitupa dawa, hukutupa mafunzo." Kisha akaniuliza mbona asidi yenyewe haikufanya kazi. Sikuwa na jibu, na hilo liliniuma zaidi. Tangu siku hiyo nimekwenda kuuliza, nikasoma tena vitabu vya sayansi nilivyosoma chuoni, na nimejaribu kwa mikono yangu. Haya ninayoandika ni deni ninalolipa.

Jambo la kwanza ni kwamba ukoko si uchafu. Ukoko ni jiwe. Mvua inaposhuka ni maji matamu, lakini ikipenya katika udongo wenye mizizi na majani yanayooza huchukua hewa ile ile tunayoitoa puani, nayo huyafanya maji yawe na uchachu kidogo mno ambao ulimi hauwezi kuuonja. Maji hayo yakipita katika mwamba wenye chokaa huila chokaa polepole na kuibeba. Nchi yetu ya Kitui na Makueni imelala juu ya miamba ya kale sana, na ndani yake mna mikanda ya mawe ya chokaa; watu wa Mutomo na Ikutha wanaijua kwa kuwa mahali pengine yaonekana juu ya ardhi. Tena mvua yetu ni chache na jua letu ni kali, na maji ya chini hukaa siku nyingi pamoja na mwamba. Ndiyo sababu visima virefu vingi vya Kitui Kusini vina maji ya chumvi, hata ng'ombe mgeni huyanusa kwanza kabla ya kunywa. Wazee walioingia katika skimu ya Makueni mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati kichaka kilipofyekwa kwa ajili ya mbung'o, waliwaachia watoto wao habari hiyo hiyo: shamba lilipatikana, lakini maji ndiyo yaliyokuwa kazi.

Basi maji hayo yakitoka kisimani yakakaa mahali pa wazi, au yakichemshwa, ile hewa iliyoyapa uchachu hutoka. Bila uchachu maji hayawezi tena kuishika chokaa, nayo huganda. Katika birika huganda chini kwa sababu ya moto. Katika tangi la samaki huganda pale ukingoni, kwa sababu pale ndipo maji yanapokauka kila siku. Jua hunywa maji, halinywi chokaa.

Hapo niliona kosa la pili la kikundi, ambalo hata mimi ningelifanya. Walikuwa wakiongeza maji ya kisima kila asubuhi kufidia yaliyokauka. Fanyeni hesabu pamoja nami. Tuseme tangi la lita 150 linapoteza lita 3 kwa siku. Ukiongeza lita 3 za kisima kila siku, katika siku 50 umetia lita 150 nyingine, na hakuna hata punje moja ya chokaa iliyotoka. Sasa tangi ni lile lile, maji ni kiasi kile kile, lakini chokaa na chumvi iliyoingia humo ni ya matangi mawili. Katika siku 100 ni ya matangi matatu. Mtu anasema tangi langu limejaa barabara kila siku, kumbe anapika chumvi.

Dawa yake si kuongeza tu bali kupunguza na kubadili. Kila juma toeni theluthi moja ya maji, mtie mengine mapya. Na ya kufidia yale yanayokauka katikati ya juma, tieni maji ya mvua. Kila nyumba yenye paa la mabati ina mvua mbili kwa mwaka, ile ya Machi hadi Mei na ile ya Oktoba hadi Desemba ambayo kwetu ndiyo ya kutegemewa zaidi. Mapipa mawili yaliyofunikwa vizuri yatatosha tangi la kioo mpaka mvua nyingine. Walio karibu na mto wenye bwawa la mchanga wana bahati zaidi, kwa maana maji yachotwayo katika mchanga mara nyingi ni matamu kuliko ya kisima kirefu. Maji ya samaki mnayoyatoa msiyamwage njiani. Yana mbolea. Pelekeni kwenye migomba au miembe. Lakini kama kisima chenu ni cha chumvi, msiyamwage kwenye maharagwe, kwa sababu maharagwe ni katika mimea isiyovumilia chumvi hata kidogo.

Sasa nirudi kwa ukoko ulioganda tayari, na kwa nini zile dawa za mwanzo zilishindwa.

Sabuni hushindwa kwa sababu yenyewe hushikana na chokaa iliyo majini na kuwa utando wa kijivu. Akina mama wote wanaofua kwa maji ya kisima wanajua kwamba kipande huisha na povu halionekani. Kwa hiyo ukisugua kioo kwa sabuni na maji yale yale unaongeza uchafu juu ya jiwe. Jivu nalo ni zuri kwa sufuria yenye mafuta, lakini chokaa na jivu ni ndugu, hazipigani. Chokaa hushindwa na kitu kichachu. Na mchanga, ndugu zangu, mchanga ndio adui. Chembe za mchanga wa mito yetu, uwe wa Athi au wa Tiva, ni ngumu kuliko kioo, na kioo ni kigumu kuliko ukoko. Ukisugua kwa mchanga utaondoa ukoko kidogo, lakini utakikwaruza kioo mistari elfu, na katika kila mstari ukoko mpya utapata mahali pa kushika. Tangi la akina mama lina kona moja ambayo itabaki na ukungu milele kwa sababu hiyo. Hata zile nyuzi za chuma za kusugulia sufuria ziacheni jikoni.

Na asidi ya betri je? Hapa ndipo niliposhangaa. Asidi ile ikikutana na chokaa hutoa mapovu kweli, mtu akadhani kazi inafanyika. Lakini inachofanya ni kuibadili chokaa iwe jasi, jiwe lile ambalo hutiwa kidogo katika saruji. Jasi haiyeyuki kwa wepesi majini. Hukaa juu ya ukoko kama koti, na asidi haipiti tena. Kwa hiyo tuliunguza jicho la mtoto ili kuvalisha jiwe moja kanzu ya jiwe lingine. Tena jasi hiyo hata limau haiwezi kuila, ndiyo sababu upande ule waliomwagia asidi ulitutoa jasho zaidi kuliko pande zote.

Kinachofaa ni kitu kichachu lakini kipole, na sisi watu wa Makueni tuna malimau yanayooza chini ya miti. Yale yaliyopasuka, yale madogo ambayo wachuuzi huyakataa, ndiyo hayo. Mahali pasipo na malimau siki nyeupe ya dukani yafaa sana; ina asidi kama sehemu 5 katika 100, na maji ya limau yana kiasi kama hicho. Nilijaribu ukwaju pia, maana kithumula tunacho kila mahali. Unakula ukoko, lakini polepole, tena unaacha rangi. Ule ni afadhali tuunywe.

Kabla ya kuanza, pimeni. Dondosheni tone moja la limau juu ya ukoko mkavu, mwinamishe sikio na jicho. Ikitoa mapovu madogo, ni chokaa, na kazi itafanyika. Isipotoa, jaribuni maji matupu ya vuguvugu, kwa maana huenda ni chumvi ya kawaida, nayo itaondoka bila limau.

Tulifanya kazi yenyewe siku ya Jumamosi, mimi na akina mama wanne, na nitaieleza kama tulivyoifanya. Samaki tuliwatoa tukawatia katika pipa lenye maji yao wenyewe, kivulini. Tangi likamwagwa likawa tupu kabisa kabla halijainuliwa, kwa sababu lita 150 za maji ni kilo 150, na kioo kuukuu kikiinuliwa na maji ndani huachana kwenye kona. Watu wawili wakalilaza ubavu juu ya gunia, ili ule upande wenye ukoko uwe chini kama sakafu. Hilo ni jambo kubwa kuliko limau lenyewe. Mkijaribu kupaka limau kwenye kioo kilichosimama litateremka na kukauka kabla halijauma.

Kisha tulikamua malimau kama 40, tukachuja mbegu, tukalowesha matambara kwa maji yake na kuyatandaza juu ya ukoko. Juu ya matambara tukafunika plastiki, jua lisiyakaushe. Tukaenda kunywa chai. Baada ya saa moja tukafunua. Ukoko uliokuwa kama jiwe umekuwa kama uji wa jana. Tukaukwangua kwa kadi kuukuu ya plastiki, na katika kona kwa mswaki mzee. Mahali uliponenepa tuliweka matambara mapya yenye limau jipya, kwa maana limau likishakula limekwisha nguvu. Mapovu yakikoma, kitambaa kile ni maji tu. Pale penye jasi tulilowesha kwa maji ya mvua usiku kucha, tukakwangua asubuhi, tukalowesha tena. Wembe unaweza kutumika, lakini kioo kiwe kimelowa na wembe ulazwe chali kabisa, na mshikaji awe mtu mzima asiye na haraka.

Limau lina kasoro moja. Huacha utando mweupe mlaini, ambao mtu akiuona hudhani ukoko haukutoka. Utando huo huondoka kwa kitambaa na maji ya mvua. Siki haiachi utando kama huo, kwa hiyo wenye fedha ya siki wataona kazi ni safi zaidi. Ukiipasha siki moto iwe vuguvugu hufanya kazi upesi, lakini isiwe ya kuchemka, maana kioo baridi kikikutana na kitu cha moto hupasuka.

Mwisho suuzeni mara tatu. Siki au limau likibaki katika kona litawadhuru samaki wadogo. Tulijaza tangi maji mapya, tukaacha siku moja, tukatia vifaranga watano kwanza. Walipolala salama, wengine wakafuata.

Kuna mambo mawili ya kukataza, na hapa naandika kama mtu aliyekwisha kukosa. Msichanganye kamwe limau au siki na ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Vikikutana hutoa hewa yenye sumu inayounguza kifua. Na limau lisitiwe katika tangi la saruji wala tangi la mabati. Saruji yenyewe ina chokaa, kwa hiyo limau litakula ukuta. Na mabati yatapoteza ile ngozi yake ya zinki, kisha kutu itaanza. Ninayosema ni ya kioo, na ya sufuria kidogo.

Kama baada ya kufanya hivyo mara tatu bado mnaona ukungu, na ukucha ukipita haushiki kitu, basi si ukoko tena. Ni kioo chenyewe kimeliwa au kimekwaruzwa. Kiacheni. Mkitia maji, alama za upande wa ndani hufifia, na mnunuzi hatazijali.

Baadhi yenu mtasema, karani, mimi sina tangi la kioo wala samaki. Lakini mna bamba la sola juu ya paa. Lile nalo ni kioo. Nimewaona vijana wakilimwagia maji ya kisima saa sita mchana, na maji yanakauka pale pale na kuacha madoa meupe, na kila doa huzuia jua lisiingie. Lioshwe asubuhi kabla halijapata moto, kwa maji ya mvua ikiwezekana, na lipanguswe kwa kitambaa laini mpaka likauke. Na mna mipira ya kudondoshea maji shambani. Vile vitundu ni vidogo kama ncha ya sindano, na chokaa ile ile inayoziba kioo ndiyo inayoviziba. Nimemjua mkulima aliyeng'oa mipira yake yote akaitupa, akasema aliuziwa kitu kibovu. Mipira ilikuwa mizima. Maji yake ndiyo yaliyokuwa na chokaa, na hakuna aliyemwambia afungue miisho ya mipira kila juma ili iteme uchafu, wala apime maji kabla ya kununua.

Na hapo ndipo penye shauri langu, ambalo nalisema mbele ya wakubwa wangu pia, kwa kuwa gazeti hili wanalisoma. Sisi wa ofisi tumezoea kuwapa wakulima vitu: bwawa, mpira, tangi, bamba. Ni vizuri. Lakini maji yatakayoingia katika vitu hivyo hatuyaulizi. Bwana Shamba anapima udongo kabla ya kusema panda hiki. Kwa nini hapimi maji kabla ya kusema nunua mpira huu? Kisima kilichochimbwa kwa kibali chapaswa kuwa na ripoti ya maji yake. Ulizeni kamati zenu iko wapi. Katika skimu nyingi, ziwe za Masongaleni, Ngai Ndethya au Kiboko, mkulima hukabidhiwa namba ya shamba na ramani, lakini karatasi ya maji ya kisima kijacho hukaa katika faili ambayo hakuna anayeifungua.

Wala msidhani kwamba ukoko utawaambia kila kitu. Ukoko husema habari ya chokaa tu. Kuna visima katika Kenya vyenye floraidi nyingi, ile inayotia meno ya watoto rangi ya kahawia na kwa miaka mingi hudhuru mifupa, nayo haionekani katika kioo. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita moja. Kuchemsha maji hakuiondoi, wala hakuondoi chumvi. Maji yaweza kuwa na ukoko mwingi yakawa salama kunywa, na mengine yakawa meupe bila ukoko yakawa na madhara. Kwa hiyo yule anayesema "maji yangu hayaachi kitu katika birika, kwa hiyo ni mazuri" bado hajajua. Apime.

Samaki wenyewe, kwa taarifa yenu, hawachukii chokaa. Ngege wa mto wetu wa Athi wamezaliwa katika maji ya nchi hii. Aliyechukia ukoko alikuwa mnunuzi, kwa sababu haoni. Kikundi sasa kimeweka kifuniko cha ubao juu ya tangi ili maji yasikauke upesi, na kila jioni ya siku ya soko msichana mmoja hupangusa mstari wa maji kwa kitambaa chenye limau kabla haujawa jiwe. Ni kazi ya dakika mbili. Juma lililopita nilipita pale, nikahesabu vifaranga kupitia kioo nikiwa nimesimama upande wa pili wa njia.

Yule mtoto alikuwepo. Alinionya nisisogee karibu, nikamtii. Chupa ya asidi nimeirudisha kwa fundi wa pikipiki.

Wanaotaka maji yao yapimwe waulize ofisi ya kilimo au ya maji iliyo karibu nao siku ya kupeleka chupa maabara. Tumieni chupa ya lita moja isiyowahi kutiwa mafuta wala dawa. Acheni pampu ipige kwanza dakika kumi hivi, yale maji yaliyolala katika bomba yatoke. Suuzeni chupa mara tatu kwa maji ya kisima chenyewe, mjaze mpaka mdomoni pasibaki hewa, mfunge. Mwandike kwa kalamu ya wino jina la kisima, kijiji, na tarehe, si jina la mwenyekiti peke yake, kwa maana mwaka jana nilipokea chupa tatu zenye jina la mwenyekiti mmoja na mpaka leo sijui ni ya kisima kipi.